Kasma Kwanza, Kompyuta Baadaye: Mwongozo wa Kuingiza TEHAMA Ndani ya Mpango wa Elimu wa Halmashauri

Ukitaka kujua kama halmashauri ina mpango wa TEHAMA shuleni, usiombe kitabu chenye jalada la rangi na picha ya mtoto kashika kishikwambi. Omba uoneshwe kasma, yaani mstari wa bajeti. Waambie wafungue PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, waingie kwenye idara ya Elimu ya Awali na Msingi, wakuoneshe mstari unaolipia umeme wa chumba cha kompyuta, mstari unaolipia bando na mstari unaomlipa fundi. Kama mistari hiyo haipo, mpango nao haupo, hata kitabu kiwe na kurasa 80.

Mwongozo huu ni wa Afisa Elimu, Afisa Mipango na Afisa TEHAMA wa halmashauri za Tanzania Bara. Mwalimu Mkuu na Mwenyekiti wa Kamati ya Shule nao wausome, maana mwisho wa siku mzigo huangukia kwao. Kwa Kenya sehemu za hesabu zitafaa, ila milango ya fedha ni mingine: Katiba ya 2010 iliziachia kaunti hasa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, shule za msingi na sekondari zikabaki serikali kuu.

Ugonjwa huu wa mipango ya makaratasi si wetu peke yetu. Marekani, mpango wa E-Rate uliotokana na sheria ya mawasiliano ya 1996 ulizidai wilaya za shule ziandike mpango wa teknolojia ndipo zipate punguzo la gharama za mtandao. Sharti hilo lilikuja kuondolewa mwaka 2014. Aliyewahi kuandika andiko ili tu apate fedha anajua linavyokuwa: linamridhisha anayelisoma ofisini, na mwalimu wa darasa la tatu halimhusu. Kwetu maandiko ya namna hiyo yako kabatini, yameandikwa kwa haraka kwa sababu mfadhili alikuwa anakuja Alhamisi.

Hatua ya 1: Kamata kalenda kabla haijakukamata

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini mpango wa mwaka huo unapikwa miezi mingi kabla. Serikali hutoa Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti mwishoni mwa mwaka wa kalenda. Ukomo wa bajeti unashuka, halmashauri inaingiza mahitaji yake, Baraza la Madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka, mkoa unachambua, na kuanzia Aprili Bunge liko Dodoma linajadili. Ukileta wazo zuri la vishikwambi mwezi Machi, umechelewa kwa mwaka mzima. Watakupongeza, watakuambia "tutaliangalia kwenye mapitio," nawe utaondoka na chai yako.

Kwa hiyo kazi yote ya kukusanya hali halisi, hatua ya 3 na ya 4 hapa chini, ifanyike Agosti hadi Oktoba. Novemba uwe na hesabu mkononi. Desemba uwe umeshazungumza na Mweka Hazina, tena si kwa barua. Nenda ofisini kwake ukae.

Hatua ya 2: Nani akae mezani

Halmashauri nyingi humwachia Afisa TEHAMA aandike mpango wa TEHAMA wa elimu. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Afisa TEHAMA anajua tofauti ya ruta na swichi, lakini hana njia ya kujua kwa nini watoto wa kata fulani wanamaliza darasa la pili hawajui kusoma. Afisa Elimu Taaluma anajua. Yeye ndiye aongoze, na Afisa TEHAMA awe mshauri wake wa kiufundi.

Wengine wa lazima ni wanne. Afisa Elimu Takwimu na Vifaa, kwa kuwa namba zote ziko kwake. Mchumi wa halmashauri, maana ndiye anayeingiza kwenye PlanRep. Mtu wa Kitengo cha Ununuzi, aje tangu mwanzo, asiitwe siku ya kununua. Na Mthibiti Ubora wa Shule wa wilaya, ambaye yuko chini ya Wizara ya Elimu wala si chini ya Mkurugenzi. Huyu husahaulika, na ndiye mwenye taarifa za yaliyoonekana darasani. Ongeza Maafisa Elimu Kata wawili, mmoja wa kata ya mjini na mmoja wa kata ambayo pikipiki hukwama wakati wa masika. Wakizidi watu wanane, kikao kinageuka semina.

Hatua ya 3: Andika tatizo, usiandike kifaa

Chukua karatasi, uandike sentensi moja isiyo na neno "kompyuta", "kishikwambi" wala "mtandao". Kwa mfano: "Katika shule 12 za tarafa ya kusini, wanafunzi wengi wa Darasa la Pili hawasomi kwa ufahamu." Au: "Sekondari saba zina mwalimu mmoja mmoja wa Fizikia, na maabara hazina vifaa." Au: "Takwimu za wanafunzi zinazofika halmashauri zinatofautiana na mahudhurio halisi."

Kila sentensi inaita teknolojia yake. Ya kwanza haihitaji chumba cha kompyuta hata kidogo. Pengine inahitaji vishikwambi walivyo navyo walimu tayari, spika ndogo, na hadithi za kusikiliza na kusoma. Ya pili inahitaji projekta na video za majaribio. Ya tatu haihusu darasa kabisa. Inamhusu mwalimu wa takwimu, mfumo wa taarifa za shule wa SIS na bando la kuingizia data.

Chagua matatizo mawili au matatu, yasizidi. Nimeshaona mpango wenye malengo 14 ya TEHAMA kwa halmashauri yenye mafundi wawili.

Chanzo cha sentensi hizo kiwe ushahidi ulio nao tayari: matokeo ya NECTA kwa somo na kwa shule, upimaji wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), taarifa za wathibiti ubora, na mahudhurio. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, nao usome kwa jicho hilohilo. Jiulize shule zako zimekwama kwenye umahiri upi, ndipo uulize kama mashine inaweza kusaidia. Wakati mwingine jibu ni hapana, linahitajika dawati. Liandike hivyo.

Kuna mfano wa kujifunza. Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta mpakato kwa watoto wa shule, na tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Amerika iliyotoka 2012, iliyohusisha shule 319 za vijijini, haikuona ongezeko la ufaulu wa Hisabati wala lugha. Mashine zilifika. Ila hakuna aliyekuwa amesema zinakwenda kutibu nini, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha.

Hatua ya 4: Nenda ukaone kwa macho

Dodoso la kujaza ofisini halitoshi. "Shule ina umeme? Ndiyo." "Kompyuta? 10." Ukisoma hivyo unadhani mambo ni shwari.

Kuna shule moja ya msingi niliyofika ambayo kwenye dodoso ilikuwa na kila kitu. Kompyuta kumi zilikuwepo kweli, zimefunikwa kitenge. Chumba kilikuwa na soketi moja tu ukutani, na hiyohiyo ndiyo iliyolisha mashine ya kudurufu mitihani na simu za walimu. Mwalimu alipobonyeza mita ya LUKU ikasoma 0.00. Akatoa elfu tano yake mfukoni, akanunua tokeni kwa simu, tukasubiri. Mashine nne ziliwaka. Dirisha moja halikuwa na nondo, kwa hiyo kila jioni wanafunzi walizibeba kompyuta kichwani kwenda nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, na asubuhi wakazirudisha. Niliuliza kwa wiki zinatumika mara ngapi. Mwalimu akacheka kwa heshima: "Mzee, kuzibeba tu ndiyo kipindi chenyewe."

Hakuna dodoso lenye swali la nani anabeba kompyuta jioni.

Kwa hiyo kila shule iliyo kwenye orodha yako itembelewe, na haya yaangaliwe kwa mkono. Salio la LUKU la siku hiyo, na nani hununua tokeni. Idadi ya soketi ndani ya chumba, si za shule nzima. Mlango, nondo, paa linalovuja, na mchwa. Mtandao upimwe kwa simu ukiwa ndani ya darasa, saa nne asubuhi, kwa laini za kampuni zaidi ya moja, maana mlingoti unaouona kilimani unaweza kuwa wa kampuni ambayo shule haina laini yake. Vishikwambi vya walimu vihesabiwe kimoja kimoja. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumika vilielekezwa kwa walimu, na katika shule nyingi hicho ndicho kifaa pekee cha kidijitali kilichopo. Uliza vingapi vinawaka, vingapi vina kioo kilichopasuka, vingapi viliondoka na mwalimu aliyehama. Mwisho, uliza nani kati ya walimu huwa anaitwa kitu kikigoma. Kila shule ina mtu huyo, na mara nyingi si yule mwenye cheo cha mwalimu wa TEHAMA.

Ukirudi, gawa shule makundi matatu. Zenye umeme na mtandao wa uhakika. Zenye umeme, mtandao wa kubahatisha. Zisizo na umeme. Usipange kitu kimoja kwa makundi yote kwa kuogopa diwani atauliza kwa nini kata yake imekosa. Kundi la pili linafaa sana kwa maudhui yanayokaa kwenye seva ndogo pale shuleni bila intaneti. Programu kama Kolibri inafanya hivyo bure: unapakua maudhui mara moja mjini, unaipeleka shuleni, watoto wanaifikia kwa Wi-Fi ya ndani. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo walimu wavipakue wakiwa kwenye mtandao mzuri, wasingoje mpaka siku ya kipindi.

Hatua ya 5: Hesabu ya miaka mitano, si ya siku ya kununua

Hapa ndipo mipango mingi hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Namba zifuatazo ni za kufanyia mazoezi, bei halisi utazipata sokoni na kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Mtindo wa hesabu ndio wa kushika.

Tuchukue shule ya msingi yenye wanafunzi 600, inayotaka chumba cha kompyuta mpakato 20. Mashine 20 kwa shilingi 900,000 ni milioni 18. Projekta milioni 1.5. Nyaya, soketi, swichi na ruta milioni 3. Nondo, mlango wa chuma na kabati la kuchajia milioni 3.5. Jumla milioni 26. Hiyo ndiyo namba ambayo kila mtu huandika, akaishia hapo.

Sasa uendeshaji. Kompyuta mpakato moja tuikadirie wati 45, kwa hiyo 20 ni wati 900. Projekta 250, ruta na vinginevyo 50. Jumla wati 1,200. Zikitumika saa nne kwa siku ni uniti 4.8, na kwa siku 20 za masomo ni uniti 96 kwa mwezi. Tukichukua shilingi 350 kwa uniti, ni 33,600 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ya masomo ni 336,000. Intaneti ya 70,000 kwa mwezi ni 840,000 kwa mwaka. Mchango wa mlinzi wa usiku 100,000 kwa mwezi ni 1,200,000. Fundi na vipuri, tenga asilimia 10 ya thamani ya mashine na projekta, yaani 1,950,000. Mafunzo ya walimu 1,000,000. Jumla ni shilingi 5,326,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni 26,630,000.

Umeona? Kuendesha kumepita kununua. Na bado hujaweka akiba ya kununua mashine mpya mwaka wa sita.

Linganisha na fedha za shule. Ruzuku ya elimumsingi bila ada ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule. Shule ya watoto 600 inapata 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi. Hapo ndipo zitoke chaki, mitihani, ukarabati mdogo na kila kitu. Chumba kimoja cha kompyuta kinataka zaidi ya ruzuku yote inayoingia akaunti ya shule. Ukimkabidhi Mwalimu Mkuu chumba hicho na maneno "mtaendesha kwa ruzuku", umemkabidhi mzigo, kisha mwakani utamwandikia barua ya kujieleza kwa nini kompyuta hazitumiki.

Hesabu hiyohiyo inaamua mambo mengine. Kompyuta za mezani zinakula wati zaidi ya mara mbili ya mpakato, na umeme ukikatika zinazimika papo hapo. Mpakato ina betri yake. Kwa shule ya sola tofauti hiyo ndiyo kila kitu: betri ya risasi ya volti 12 na Ah 200 ina kama uniti 2.4, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, basi ina 1.2. Kwa mahitaji yetu ya uniti 4.8 unahitaji betri nne, nazo baada ya miaka michache zitataka kubadilishwa. Andika mwaka wa kubadilisha ndani ya mpango leo.

Matokeo ya hesabu mara nyingi ni kupunguza. Badala ya vyumba 40, vyumba sita kwenye Vituo vya Walimu au shule za katikati ya kata, shule jirani zikipeana zamu, na kwingine projekta moja inayohama darasa kwa darasa. Mimi nashabikia projekta. Mwalimu mmoja, darasa la watoto 90, projekta moja na kishikwambi chake: hapo unapata somo zima kwa watoto wote. Kompyuta 20 kwa watoto 90 ni watoto wanne na nusu kwenye kibodi moja, na anayebonyeza ni yuleyule mwenye sauti kubwa.

Hatua ya 6: Ingiza kwenye PlanRep kwa lugha ya elimu

Mfumo wa PlanRep wa mtandaoni, uliozinduliwa 2017 pamoja na FFARS ya kusimamia fedha vituoni, una ngazi zake: lengo, shabaha, shughuli, kisha kasma za matumizi. Usiombe TEHAMA iwe na lengo lake pembeni. Iweke chini ya lengo la huduma bora za jamii kwa usawa, palepale panapokaa ufaulu na madarasa. Ikikaa peke yake, bajeti ikipunguzwa ndiyo ya kwanza kufyekwa, maana inaonekana anasa.

Angalia jinsi watu wanavyoandika: "Kuimarisha matumizi ya TEHAMA katika shule za msingi ifikapo Juni 2027." Huwezi kuipima hiyo, na mkaguzi akija huna cha kumwonesha zaidi ya risiti.

Iandike hivi. Shabaha: "Wanafunzi wa Darasa la Pili wanaosoma kwa ufahamu katika shule 12 wameongezeka kutoka asilimia 38 hadi 55 ifikapo Juni 2029." Asilimia zitoke kwenye upimaji wako wa hatua ya 3. Kisha shughuli, kila moja na kasma zake: kuwezesha walimu 48 wa Darasa la I na II kukutana kwenye Jumuiya za Kujifunza mara mbili kwa mwezi, kununua projekta na spika 12, kulipia umeme na intaneti kwa shule 12, kukarabati nondo na soketi kwenye vyumba 12, kutengeneza vishikwambi vibovu. Shughuli ya umeme isiunganishwe na ya ununuzi. Ikiunganishwa, fedha zikija nusu zitanunua vifaa tu.

Kitu kingine. Shule zenyewe zina mipango yake, na fedha zake zinaingia moja kwa moja. Hakikisha tokeni na bando vinaonekana pia kwenye mpango wa shule. Kamati ya Shule ikaona na kupitisha, hakuna atakayeuliza kwa nini Mwalimu Mkuu amenunua "vocha".

Hatua ya 7: Fedha zitoke wapi

Changanya vyanzo, na kila chanzo kifanye kazi inayokifaa. Fedha ambazo huja mara moja, kama za miradi ya BOOST kwa msingi na SEQUIP kwa sekondari, zinafaa kwa majengo, vifaa na mafunzo ya mwanzo, kwa kufuata miongozo yake. Mapato ya ndani, hata yakiwa madogo, yabebe uendeshaji, kwa sababu ndiyo fedha halmashauri inayoamua yenyewe. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za umma. Waombe, lakini barua iende na orodha ya shule zilizo tayari, zenye soketi na nondo.

Misaada ya kompyuta zilizotumika kutoka nje ina mdomo mtamu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: kompyuta ya msaada nayo ipewe masharti. Isiwe nzee kiasi kwamba programu za sasa zinaisumbua, ije na chaja na betri hai, na atakayebeba gharama ya kuzitoa bandarini ajulikane kabla meli haijaondoka. Kukataa kontena la vyuma chakavu si utovu wa adabu.

Hatua ya 8: Ununuzi

Ununuzi wa umma sasa unapita NeST, na kazi yako kubwa ni kuandika mahitaji ya kiufundi ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Usiandike jina la chapa. Andika saa za betri, ukubwa wa kumbukumbu, mwangaza wa projekta unaofaa darasa lisilo na pazia, dhamana isiyopungua mwaka mmoja, na kwamba huduma ya dhamana itatolewa mkoani kwako. Dhamana inayokutaka usafirishe mashine Dar es Salaam kwa basi ni dhamana ya maneno. Afisa TEHAMA apokee vifaa kwa kuwasha kila kimoja, tena akiwa na muda, si saa kumi na moja jioni ya tarehe 30 Juni. Mfumo wowote mpya unaotaka kujenga au kununua, anza kwa kuiuliza Mamlaka ya Serikali Mtandao. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ipo ili kila halmashauri isijenge mfumo wake wa matokeo.

Hatua ya 9: Walimu

Semina ya siku tatu hotelini yenye posho haibadilishi darasa. Mwalimu anarudi, kishikwambi kinabaki cha WhatsApp. Utaratibu ulipo tayari ni MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na Jumuiya za Kujifunza zake pale shuleni. Ingiza TEHAMA humo. Kila kikao, mwalimu mmoja aoneshe somo moja alilolifundisha kwa projekta wiki iliyopita, likiwa zuri au baya. Aoneshe na lilipokwama: spika haikusikika nyuma, video ilikuwa ya Kiingereza cha kasi, mawingu yalifunga sola ikafa.

Yule mwalimu anayeitwa kitu kikigoma, mpunguzie vipindi viwili kwa wiki. Iandikwe kwenye ratiba. Usipompunguzia, utamchosha mpaka aombe uhamisho.

Hatua ya 10: Taarifa za watoto

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na imeanzisha Tume ya kuisimamia. Kwa halmashauri maana yake ni ya kila siku: orodha ya wanafunzi yenye majina, tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi isizunguke kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu. Matokeo ya mtihani wa kata yasibandikwe mtandaoni na majina kamili. Nywila ya SIS isiandikwe kwenye karatasi juu ya mezani kwa Mwalimu Mkuu, na mwalimu wa takwimu akihama, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Kampuni ikija na programu "ya bure" ya shule, uliza kwanza data zinakaa wapi na nani ataziona, na majibu yawe kwa maandishi.

Hatua ya 11: Fuatilia saa, usihesabu mashine

Taarifa ya robo mwaka inayosema "kompyuta 20 zipo na zinafanya kazi" haikuambii kitu. Weka daftari la kawaida la kaunta mlangoni mwa chumba, au ndani ya boksi la projekta. Safu tano: tarehe, darasa, somo, dakika zilizotumika, kilichokwama. Afisa Elimu Kata akipita anapiga picha ukurasa wa mwezi, anautuma. Kwa shule 12 ni picha 12 kwa mwezi, na Afisa Taaluma anazisoma kwa nusu saa.

Safu ya mwisho ndiyo dhahabu. Ikiandikwa "tokeni" mara sita kwenye shule tatu, unajua kasma ya umeme haishuki kwa wakati, na unampelekea Mweka Hazina ukurasa wenyewe. Ikiandikwa "chaja" kila wiki, soketi zina tatizo. Daftari likiwa jeupe mwezi mzima, nenda mwenyewe bila kutoa taarifa.

Kila mwezi wa Aprili, kaa na lile kundi la watu wanane. Leteni madaftari na upimaji wa KKK. Shule ambayo projekta imetumika chini ya saa nne kwa mwezi kwa robo mbili mfululizo, bila sababu ya umeme, ihamishiwe jirani mwenye njaa nayo. Mwenyekiti wa Kamati atalalamika, diwani atapiga simu. Muoneshe daftari, mpe nakala, na mwambie projekta itarudi siku atakapopatikana mwalimu wa kuitumia.